Herufi Mbili Ndani ya Mshono

Kosa langu la mwanzo katika kazi hii halikuwa la mkasi, lilikuwa la sikio. Mteja aliniambia, "Jina lisikatwe," na mimi nikaelewa jambo lingine kabisa. Lingeishia hapo, leo ningelisimulia huku nacheka, kama mafundi wanavyosimulia suruali walizozikata miguu yote miwili ya kushoto. Silicheki kwa sababu ya maneno niliyoyasema baadaye, mara mbili, nikiwa nimeshaelewa vizuri. Mwaka jana nilikwenda Shinyanga kwenye arobaini ya mpiga gitaa mmoja wa bendi yetu ya zamani, na huko nikakutana na huyo mteja, sasa mwanamke mzima mwenye wajukuu. Tangu nirudi, kila nikikaa kwenye cherehani mguu unasita. Nimeona bora niuandike mwaka ule wote kama ulivyokuwa.

Ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nami nilikuwa kijana nashonea barazani kwa Mama Nasiri, Geita, upande wa Kalangalala. Mama Nasiri alikuwa mjane wa Kihindi, Mwislamu, mzaliwa wa Shinyanga mjini, aliyezungumza Kisukuma vizuri kuliko mimi nilivyozungumza Kiswahili. Duka lake lilikuwa na rafu ndefu na bidhaa chache, kwani ile ilikuwa miaka ambayo sabuni ikiletwa mjini watu hujua kabla gari halijazimwa. Kitambaa cha dukani tulikiona kwa nadra. Nilishona nilichokipata: shuka zilizochakaa katikati, mifuko ya unga iliyofuliwa mpaka maandishi yakatoka, na makoti ya mitumba, tuliyoyaita kafa ulaya, ambayo ndiyo yaliyonifundisha ufundi. Sikuwahi kukaa chini ya fundi yeyote. Nilikuwa nachukua koti, nalifumua lote, nalitandaza sakafuni vipande vipande, halafu nalirudishia. Likikaa kama lilivyokuwa, nimejifunza. Likikataa, nalifumua tena. Majirani walinitania kwamba mimi si fundi wa kushona, ni fundi wa kufumua.

Ndani ya duka kulikuwa na gramafoni ya betri. Betri zikichoka, Mama Nasiri alizianika juani juu ya bati, pembeni ya michembe ya jirani, vile vipande vya viazi vitamu vinavyokaushwa, na zikipata joto zilitupa nyimbo kadhaa kabla ya kuzimia tena. Nilikanyaga cherehani kwa kufuata besi. Rumba ilipoanza polepole, mishono yangu ilitoka midogo na sawasawa kama mchele uliochambuliwa. Ilipofika pale magitaa yanapochangamka, mguu ulikimbia, mishono ikarefuka, nami jioni nikakaa kufumua sehemu yote ya mwisho wa wimbo. Majalada ya santuri ndiyo yaliyokuwa vitabu vyangu. Nilikuwa naomba kuyashika, naosha mikono kwanza, nachora kola na vifungo vya wale wanamuziki kwa chaki kwenye sakafu ya baraza. Picha nyingi ziliishia kiunoni. Kwa hiyo mashati yangu yalikuwa ya kisasa kabisa, na suruali nilizibuni mwenyewe kwa kukisia, pana chini kuliko bugaluu yoyote iliyowahi kuonekana, hata wachimbaji wakasema mtu akivaa suruali ya fundi Maige, ndiye mimi, anafagia njia anapopita.

Nilikuwa na hofu ambayo siwezi kuieleza vizuri hata leo. Chumba nilichopanga kilikuwa kidogo, kitanda cha kamba, dirisha lililozibwa kwa gunia, na kila nguo niliyoimaliza niliitundika mbele ya kitanda ili niitazame nikiwa nimelala. Nikiona mshono umepinda hata kidogo, ugali haukupita. Mama mwenye nyumba alikuwa ananiletea matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na maziwa ya mgando, anaweka sahani mlangoni, anasema kwa Kisukuma kwamba nguo haina macho ya kunitazama, nile. Nilikuwa nakula nikiwa nimesimama. Niliamini kwamba siku moja mtu muhimu ataigeuza nguo yangu, aone kasoro, aseme mbele ya watu: huyu hakufundishwa.

Mtu muhimu kwangu wakati ule alikuwa Zaituni. Alitoka Tabora mjini, kwenye nyumba za watu wa asili ya pwani, na aliimba kwenye bendi ya baa ya Mzee Masalu. Huyu Mzee Masalu alipata dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, akajenga baa na kununua magitaa kabla hajajua nani atayapiga. Zaituni alikuwa na sauti nzito kidogo, isiyo na haraka, na alipokuwa anapita barabarani kuelekea mazoezini alikuwa anaimba mstari mmoja mbele ya baraza letu, kunichokoza, kisha anasema, "Fundi, umeruka mshono hapo." Nilikuwa natazama kweli. Aliniita mdogo wangu. Mimi nilimwamkia shikamoo dada, na jibu lake la marahaba lilinitosha mpaka jioni.

Fundi wa barazani husikia yote, kwa sababu watu humhesabu pamoja na cherehani. Katika miezi ile nilisikia wanawake waliokaa kungoja nguo wakisema kwamba Zaituni anamchukua Mzee Masalu. Mmoja alisema alimwona ameshuka kwenye gari lake. Mwingine akajibu kwamba bendi nzima ilishuka kwenye gari hilo, na ngoma zao. Wa tatu akasema, ngoma hazizai. Wakacheka. Mama Kulwa, mke wa Mzee Masalu, ndiye aliyeshika funguo za baa, chakula cha wanamuziki na mishahara yao, na walisema ameshayasikia, ananyamaza tu. Zaituni naye aliyasikia. Lakini hakwenda kugombana na mtu. Alifanya kama walivyofundishwa kwao: alikwenda kwa Mama Nasiri, akamwomba robota la kanga likifika amtafutie yenye jibu.

Robota lilifika kabla ya Idi. Zaituni alinijia barazani na doti moja, nyekundu na nyeusi, yenye nanasi kubwa katikati, akataka gauni refu la kuimbia siku ya Idi mosi, kwenye dansi la mchana. Alinieleza shingo anavyoitaka, mikono anavyoitaka. Mwisho, akiwa ameshageuka kuondoka, akasema:

"Na jina lisikatwe, fundi. Nalitaka nyuma, chini, lionekane lote."

Sasa kwetu, kwenye foleni zile, kukata jina kulikuwa na maana moja. Wateja wa Idi walikuwa wengi, majina yao niliyaandika kwa chaki ukutani, na anayechelewa kuleta kitambaa nilimfuta. Nikamjibu kwa fahari, "Jina lako liko juu kabisa, dada, haliwezi kukatwa." Alicheka. Alidhani nimemtania, nami nilidhani nimemjibu. Hayo mengine, ya nyuma na chini, nikadhani anazungumzia ua la pindo. Sikujua kwamba jina la kanga ni yale maneno yaliyoandikwa juu ya pindo. Nyumbani kwetu kanga ilikuwa ya kujifunika na kubebea mtoto. Maandishi tuliyaona kama tulivyoona nukta na maua. Hakuna aliyeyasoma kwa sauti, na Kiswahili chenyewe tulikisikia kwa karani na redioni.

Nilipolitandaza lile doti, nilichokiona ni nanasi. Nililitaka lisimame katikati ya mgongo, wima, bila kuegemea upande. Lakini aliyechapa kanga ile hakuwa na wasiwasi kama wangu: maandishi yalianza kushoto zaidi kuliko nanasi lilivyoruhusu. Nikasogeza kitambaa kidogo, nikapima, nikasogeza tena. Nanasi lilipokaa sawa, herufi mbili za mwanzo zilibaki nje ya chaki, nikazikunja ndani ya mshono wa ubavu wa kushoto, ambao nilikuwa nauachia nguo nyingi ili mteja akinenepa apanuliwe. Upande wa pili wa doti niliukata mikono na kifua. Nilishona taratibu, gramafoni ikiwa imezimwa kwa makusudi. Lilipokwisha nililitundika mlangoni mwa duka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuona pa kufumua.

Mama Nasiri alitoka ndani na mkoba wake, kesho yake ikiwa Idi. Alikuwa anawahi gari la Mwanza kwenda kwa wakwe wa binti yake. Alisimama mbele ya gauni. Akalisifu nanasi. Kisha akainama, akasoma pindo la nyuma, akasoma tena.

"Fundi," akasema, "Si iko wapi?"

Nikamwuliza si gani. Akaweka mkoba chini, akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto wa watu. Kanga aliyomuuzia Zaituni ilisema SI MUME WA MWENZANGU NIMTAKAYE. Aliitafuta kwenye robota zima kwa ajili ya maneno hayo, kwa sababu ya uvumi ule, ili Mama Kulwa asome mwenyewe na mambo yaishe kwa heshima. Gauni langu lilisema MUME WA MWENZANGU NIMTAKAYE. Alipoona uso wangu akacheka kidogo, akasema si kitu, herufi zimo ndani ya mshono, nifumue ubavu mmoja nizitoe, kazi ndogo kwa bingwa wa kufumua. Nikasema nitarekebisha. Akaenda kupanda gari.

Nilifumua. Nimelazimika kuandika hili neno kwa sababu kwa miaka mingi nilijiambia kwamba muda haukutosha. Muda ulitosha. Nilifumua ubavu, nikazitoa zile herufi, nikalivalisha gauni gunia la pamba nililolitumia kupimia, nikarudi nyuma kutazama. SI ilionekana, nyeusi, wazi. Na nanasi lilikuwa limekwenda kulia. Lilikaa kama mtu aliyekalia nyonga moja. Nililitazama, na leo naionea haya saa ile kuliko kitu chochote, kwa sababu sikuwa namfikiria Zaituni. Nilikuwa nafikiria watu wote watakaokuwa ukumbini siku ya Idi wakitazama mgongo ule na kusema nani ameshona. Nikajiambia wasomaji ni wachache. Nikajiambia atakuwa anacheza, pindo halitatulia. Nikazikunja tena zile herufi ndani, nikashona, nikapiga pasi.

Asubuhi ya Idi alikuja kulichukua, ana hina mpya mikononi, kaniletea pilau kwenye bakuli lililofunikwa kawa. Alilijaribu gauni ndani ya duka, ambalo Mama Nasiri aliniachia ufunguo wake. Kioo kilikuwa cha kuonea uso tu. Akaniuliza, akijaribu kujitazama nyuma ya bega:

"Jina limekaa vizuri?"

Wakati huo nilishajua jina ni nini.

"Limekaa vizuri, dada," nikasema.

Ukumbini nilikaa karibu na mlango, nimevaa shati langu jipya. Jua la alasiri liliingia kwa madirisha yote, kila kitu kilionekana. Mama Kulwa alikuwa meza ya mbele na wanawake wenzake. Zaituni alipopanda jukwaani watu walipiga vigelegele, na nikawasikia wachimbaji nyuma yangu wakisema lile gauni limetoka Nairobi, na mwingine akawajibu, limetoka kwa Maige wa barazani. Nilijaa fahari. Kisha, katikati ya wimbo, pale magitaa yanapobaki peke yao, Zaituni akageuka. Aligeuka makusudi kuelekea meza ya Mama Kulwa, akashika pindo pande mbili, akalinyoosha, akatulia ili lisomeke. Alikuwa anatabasamu kwa adabu. Kumbe Mama Kulwa hakujua kusoma. Nilimwona akimwinamia mwenzake kumwuliza pameandikwaje. Yule mwenzake alimjibu sikioni. Meza za karibu zilikuwa zimeshasoma. Kicheko kilianza kwa wanawake, kikapita kwa wanaume, na Zaituni, akidhani ujumbe wake umefika, akalinyoosha tena.

Kesho yake niliitwa uani, nyuma ya baa. Mama Kulwa alikaa kwenye kigoda akichambua dagaa. Zaituni alisimama, gauni amelikunja mkononi. Mzee Masalu hakuwepo. Mambo kama hayo yalimpata akiwa safarini. Niliamkia, nikajibiwa vizuri, nikaletewa hata kiti. Zaituni alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fundi, mweleze mama. Kanga niliyokuletea ilisemaje?" Mama Kulwa akainua mkono kumzuia. Aliniuliza yeye mwenyewe, kwa Kisukuma kwanza, akiniita ng'wanone, yaani mwanangu, kisha kwa Kiswahili ili Zaituni asikie:

"Uliyakata wewe, au ndivyo alivyotaka?"

Gauni lilikuwa palepale. Ningeligeuza ndani nje, SI ingeonekana ubavuni, nzima, na kila mtu uani pale angecheka kwa kosa la fundi mshamba asiyejua kanga. Hicho ndicho kilichonishinda, kicheko hicho. Nikasema:

"Mimi nashona tu, mama. Nilishona alivyotaka."

Zaituni hakubisha. Alinitazama kama mtu aliyesikia ameitwa jina la mtu mwingine. Mama Kulwa akarudi kwenye dagaa zake, akasema basi, imekwisha. Siku hizohizo Zaituni alipanda lori la pamba kurudi kwao kupitia Kahama, na kipaza sauti akapewa mpiga ngoma, aliyekuwa na sauti ya kuuza samaki.

Mama Nasiri aliporudi kutoka Mwanza alisikia yote kabla hajafungua duka. Alikwenda kwa Mama Kulwa kueleza, akajibiwa kwamba mtu mwenyewe ameshaondoka, ya nini kuchimba. Kwangu hakusema mengi. Aliniomba nitafute baraza nyingine, akanipa siku za kutafuta, na katika siku hizo hakuwasha gramafoni. Baraza nilipewa na Mama Kulwa. Alinipa chumba nyuma ya baa nishonee bendi sare, mashati ya kola ndefu yenye mistari inayokutana kifuani bila kupishana hata uzi mmoja. Kutoka mashati hayo nilipata bendi za Shinyanga, kisha Mwanza, kisha maharusi, kisha duka lenye jina langu juu ya mlango. Watu husifu mishono yangu ya katikati. Hawajui ilivyonigharimu, na aliyelipa hakuwa mimi.

Kwenye arobaini ile, Shinyanga, wanawake walikuwa uani wanapakua. Mmoja mnene kidogo, miwani usoni, alinijia na sahani, akaniuliza kama mimi si fundi Maige. Nilimjua kwa sauti kabla ya uso. Nikamwamkia. "Marahaba," akasema, "umezeeka vibaya." Tukacheka. Alikaa kwenye mkeka pembeni yangu, akanieleza kwamba aliimba Tabora kidogo kwenye vikundi vya taarabu, sifa ile ya Geita ikamfuata, mchumba akarudi nyuma, akaacha kuimba, akafanya biashara ya mchele, akaolewa baadaye na mtu mwema. Gauni aliligeuza ndani nje akiwa kwenye lori, kabla hawajafika Kahama, akaziona zile herufi. Alijua tangu siku ile kwamba ni mkono wangu. Alisema alinisamehe zamani, kwa kuwa nilikuwa kijana wa shamba, sikujua kanga, na mbele ya Mama Kulwa niliogopa.

"Ila juzijuzi nilikusikia redioni unahojiwa," akasema. "Wanakuuliza ulianzaje. Nikawaambia wajukuu wanyamaze. Nikawa nangoja ufike kwangu. Ukaruka, ukaenda kwenye mashati."

Ningenyamaza hapo, ningeondoka nikiwa mtu aliyesamehewa. Lakini alikuwa amenisamehe kosa la sikio, na hilo silo nililokuwa nadaiwa. Nikamwambia kwamba Mama Nasiri alinionyesha kabla. Nikamwambia nilifumua, nikazitoa herufi, nikazirudisha kwa sababu ya nanasi. Nikamwambia kwamba asubuhi ile, aliponiuliza kama jina limekaa vizuri, nilishajua.

Wanawake wakamwita. "Hilo sikulijua," akasema. Akachukua sahani yangu, ambayo sikuwa nimeimaliza, akaenda nayo jikoni, na hakurudi upande wangu mpaka watu walipotawanyika.

Sikumtafuta. Sina haki ya kumwomba asamehe mara ya pili. Kilichobadilika ni hiki tu: siku hizi nikiulizwa nilianzaje, naanza na Zaituni wa Tabora, nasema nilijua, na nasema nilidanganya. Mashati yanafuata baadaye, kama muda unabaki.